Meno Mawili ya Gia ya Juu

Bi Spana alikuwa ameinamia injini ya gari la wagonjwa, kichwa ndani na kanga kiunoni, na watu wawili nyuma yake walikuwa wanataka jambo moja tu: awashe.

"Mama, alama za mkanda zimekaa sawasawa," alisema mkwe wake, mume wa binti yake wa mwisho. Alikuwa mwanamume msafi kupita kiasi, fundi pekee mtaa ule mwenye kucha nyeupe. "Nimezitazama mara mbili."

"Nami nitaizungusha mara mbili," alijibu Bi Spana.

Ndiyo kawaida yake tangu ujana. Injini iliyofunguliwa ikafungwa upya haiguswi stata, ile mota ya kuiwasha, mpaka izungushwe kwa mkono. Shafti ya chini inakwenda raundi mbili kamili ili ile ya juu, kamshafti inayofungua na kufunga valvu, imalize raundi yake moja. Mkanda wa meno ndio unaoziunganisha, ukipita kwenye gia ya kila shafti. Mkanda ukikaa upande, pistoni inapanda wakati valvu haijaondoka, zinakutana kama mbuzi wawili kwenye daraja la gogo. Kwa mkono utasikia zimegusana, ukaacha. Kwa stata utasikia mlio mmoja, na valvu zimeshapinda. Hapo ni kuanza upya, siku nne nzima.

Siku nne hazikuwepo. Zahanati haikuwa na gari jingine, na dereva wake alikuwa amesimama pale tangu asubuhi, simu haikauki sikioni. Mkunga alikuwa na mama mjamzito ambaye presha imempanda tangu alfajiri. Daktari kasema saa sita isimkute pale, awe njiani kwenda hospitali kubwa. Gari la kukodi, lisilo na kitanda wala mtungi wa hewa, mkunga hakutaka hata kulisikia.

Bi Spana aliweka spana kwenye boliti ya shafti ya chini, akavuta. Injini ilizunguka kwa uzito, ikihema. Raundi ya kwanza ikapita. Ya pili ilipofika nusu, spana ikagota.

Akaacha pale pale.

"Ni kompresheni hiyo, mama," mkwe alisema haraka. "Hewa imebanwa. Ongeza nguvu kidogo."

"Hewa naijua kabla wewe hujajua kutambaa. Hewa hubishana nawe, mwisho ikakuachia. Hii imenigotea kama mlango wa chuma."

"Bibi yangu," dereva alidakia, "tunabishana na hewa na huku mtu anakata roho?"

"Nani kasema tunabishana? Toeni plagi zote nne. Hewa ikikosa pa kubanwa, tutajua anayegoma ni nani."

Mkwe alizitoa. Spana ilimponyoka mara mbili, yeye ambaye hata kijiko cha chai hakimponyoki. Bi Spana aliona. Alizungusha tena. Sasa injini ilikwenda laini, mpaka mahali pale pale pa raundi ya pili.

Tak.

Simu ya dereva ikalia.

"Mkunga huyo. Nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli. Bado."

"Bado mpaka lini? Saa tano na nusu! Ng'ambo ya barabara yuko fundi anawasha magari bila kuyapapasa kama mganga."

"Mpelekee. Anza kusukuma, mimi nitakushikia mlango."

Dereva alifyonya, akaenda kuliegemea tanki la maji. Bi Spana aliinama tena. Gia ya juu alikuwa anaiona, na lile doa lake jekundu la alama lilikuwa mkabala na mstari wa kwenye bodi ya injini, palepale linapotakiwa. Doa hilo ni rangi ya kucha. Watu walijua kuwa ni muhuri wake, madoido ya bibi fundi. Wasilojua ni kwamba nukta iliyogongwa na kiwanda, ndogo kama punje ya ulezi, macho yake yalikuwa hayaioni tena. Kila alipofungua injini aliitafuta kwa ukucha, akaifunika na doa lake, basi akafanya kazi kwa doa.

Kwa hiyo, kama doa liko sawa na injini imegota, aliyekosea ni yeye. Mkono wake umekosea, na mkono ukishaanza hauachi. Alijishika kiuno. Wazo likamjia, baya na tamu: pengine ni hewa kweli, pengine kuna plagi haikutoka. Mpe tu dereva ufunguo.

Akalitazama doa tena, karibu, pua inakaribia kugusa gia. Lilikuwa duara zuri, limepakwa polepole. Bi Spana hajapaka duara zuri maisha yake yote. Yeye hupaka kwa kidole gumba, na rangi huacha mkia kama panya.

Aliinuka. "Nani kapaka hii?"

Mkwe aliitazama sakafu.

"Baba, nimekuuliza."

"Nilipoiosha gia kwa petroli, mama, rangi ilitoka. Nikairudishia."

"Ukairudishia wapi?"

"Pale nilipopakumbuka."

"Na nukta ya kiwanda hukuiona?"

"Niliiona." Sauti yake ilikuwa imeshuka kama ya mtoto aliyevunja kikombe. "Ilikuwa meno mawili kando. Nikasema mama hakosei, lazima anayo siri yake ya kazi. Nikalifuata doa lako, nukta nikaiacha."

"Na ulimi uliuweka wapi usiniulize?"

"Nikuulizeje? Wewe ni mama mkwe wangu. Tena ulishasema anayegusa alama yako akauze karanga."

Dereva alikuwa amesogea, masikio yote nje. Dereva yule akijua jambo leo, kesho mtaa mzima unalisimulia ukipiga mswaki. Bi Spana alimtazama, akatazama saa ya ukutani, akatazama ile gia.

"Sina siri yoyote," alisema. "Nukta hiyo siioni. Mwaka wa tatu huu, siioni. Haya, weka ukucha wako juu yake, na hizo kucha zako zifanye kazi leo."

Mkwe aliweka ukucha. Bi Spana akaupapasa kwa wake, akakisikia kile kishimo kidogo. Alirudisha shafti ya chini nyuma kidogo, ili pistoni zote zishuke zisiguse kitu, akalegeza kikaza mkanda. Akasogeza gia ya juu meno mawili, mkwe akimwongoza, "hapa, mama, hapa, ongeza, basi." Wakairudisha ya chini kwenye mstari wake, wakavisha mkanda, wakaukaza.

Spana ikaenda kwenye boliti. Raundi ya kwanza. Ya pili ilipokaribia mahali pale, alifumba macho, akavuta kama anayemvua mtoto mchanga nguo. Ikapita. Akavuta raundi mbili nyingine, asijiamini, na mkwe akathibitisha nukta imerudi mstarini. Ikapita tena.

Plagi zikarudi, kava la mkanda likafungwa. Dereva alikuwa ameshaingia. Ufunguo ulipogeuka, Bi Spana alishika mlango wa gari kwa mikono miwili. Injini ilikohoa, ikashika, ikaanza kunguruma sawasawa, bila kugonga popote.

"Mwambie mkunga unakuja," alimwambia dereva, kisha akamgeukia mkwe. "Na wewe, humu ndani usiniite mama. Mama mkwe hakosolewi. Niite fundi. Fundi akikosea, aambiwe."

"Sawa, mama."

"Nini?"

"Sawa, fundi." Mkwe aliangalia injini, akaangalia pembeni, akaangalia injini tena. "Basi, fundi... boliti ya chini ya kava hujaikaza."

Bi Spana alifungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari, kali, limekaa ncha ya ulimi. Dereva alikuwa ameshatia gia.

"Ngoja wewe!" alimpigia kelele dereva, akainama na spana, akaigusa ile boliti. Ilikuwa inacheza.