Vidonge vya tezi na bakuli la loshoro

Wewe ukipewa vidonge, kuna mtu huwa anakuuliza utavimezea nini? Juzi, duka la dawa pale Kikatiti, mimi na digrii yangu isiyo na kazi tulikuwa kwenye foleni. Mbele yetu mama mmoja, masweta mawili na jua lote lile, akaweka kifurushi cha mizizi kaunta.

"Dada, tezi yangu ya shingo ni mvivu. Vidonge nameza, uchovu na baridi viko palepale. Nihamie hii?"

Muuzaji hakucheka. "Shikamoo mama. Vidonge unamezea nini?"

"Loshoro ya asubuhi, mahindi yangu na maziwa mgando. Yanateremsha vizuri."

"Jamani mama! Maziwa yanaizuia dawa. Meza na maji, tumbo tupu, usubiri saa nzima ndiyo ule. Usiache vidonge, na urudi kliniki wakupime tena."

Mama akakunja kifurushi taratibu. "Mwenye mizizi aliniuliza mpaka ninavyolala. Kliniki waliniuliza bima tu."

Seriously? Halafu tunashangaa watu wakikimbilia mitishamba! Wakubwa wa afya, mgonjwa asiondoke dirishani kabla hajaambiwa dawa yake inamezwaje. Kama hamna wa kusema, niajirini mimi. Niko free tangu graduation.