Video ya Dada Akiimba Besi

Dada yangu aliimba besi kwa sababu wanaume walipungua. Kwenye kwaya ya kigango chetu, upande wa Kaengesa, wenye sauti nzito walikuwa wameshuka Bonde la Rukwa kufuata mpunga. Wakabaki wachache, na mmoja wao aliishi na mafua. Mwalimu wa kwaya akamsikia dada akiita mbuzi, akamhamishia mstari wa nyuma siku hiyohiyo. Kwetu waimbaji hupangwa kwa sauti, kwa hiyo hakuna aliyeuliza kitu.

Biashara huria ilipofika hadi kwenye nyimbo za kanisa, kila kwaya ikataka kutoa video. Mpiga picha akaja kutoka Mbeya, akaagiza mistari ya mbele ivae vitenge na ya nyuma ivae suti. Dada akapewa suti ya mtumba ya kijivu na tai, ili mstari usiharibike. Aliimba kuliko wote. Video ikauzwa mnadani, ikachezwa kwenye harusi, watu wakala wali mbele yake miaka na miaka, wala hakuna aliyemdhania mwanamume.

Kisha dada akagombea udiwani mjini Sumbawanga, kwenye kata alikoolewa. Simu za kupangusa zilikuwa zimeshaingia. Mtu akakata kipande kifupi cha ile video, akamzungushia dada duara jekundu kwenye koo, akaandika: "Mgombea wenu ni mwanamume. Amkeni." Lile duara lilifanya kazi kubwa. Koo lilikuwa koo tu, lakini ukishalizungushia duara, watu wanaanza kutafuta. Baadaye niliona mtandaoni wake wa wakuu wa nchi za mbali nao wamezungushiwa koo vilevile, nikajua dada yangu amepanda daraja.

Kwangu ilifika kupitia kundi la wanakwaya. Aliyeituma ni mwimba besi aliyesimama bega kwa bega na dada siku ya kurekodi. Ukitazama vizuri, kiwiko chake kinaonekana. Nilimfuata kijiweni anakoegesha bodaboda yake.

"Kaka, si ulikuwa pembeni yake?"

"Nilikuwepo, dada."

"Sasa?"

"Sasa mimi nilikuwa naangalia noti. Hii imetoka mtandaoni."

Nilitamani kumzaba kibao. Nikamwomba aifute, naye muungwana akaifuta, kwenye simu yake.

Tangu hapo, dada akipanda jukwaani watu walisikiliza sauti badala ya maneno. Yeye anazungumzia maji ya bomba, wao wanamkodolea koo. Wapambe wake wakamshauri ailainishe. Akajifunza kuongea kwa sauti nyembamba, ya mtu aliyebanwa kidole na mlango. Tukirudi nyumbani anaivua kama kiatu kinachobana, anatusimulia mkutano kwa besi yake, tunacheka mpaka machozi. Udiwani aliupata, kwa hiyo wapo wanaosema uvumi ule haukumdhuru.

Hao hawakuwepo siku tulipokwenda kumwona mama, kampeni zikielekea ukingoni. Dada alikuwa jikoni, ukuta mmoja na sisi. Mama akanisogelea na kigoda chake, akaninong'oneza. Masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka, hivyo minong'ono yake ilisikika hadi kwa jirani.

"Mwanangu, nyie mmelala kitanda kimoja tangu wadogo. Hukuona kitu?"

"Mama, wewe ndiye uliyemzaa."

"Nilimzaa, ndiyo. Nikamwogesha mwenyewe. Lakini watu wote hawa, mwanangu, waseme uongo?"

Nilimkasirikia na nikamwonea huruma kwa pamoja, maana alikuwa anauliza kwa dhati, kama mtu anayeomba asaidiwe kukumbuka. Kule jikoni mwiko ukaacha kugonga sufuria.

Dada akatokea mlangoni na bakuli la maharage. Akapiga magoti mbele ya mama kama alivyofanya siku zote, akaweka bakuli chini, akasema kwa ile sauti nyembamba ya jukwaani:

"Karibu chakula, mama."

Mama akamtazama, akashusha pumzi ndefu.

"Asante, Mungu wangu," akasema, akanawa mikono.