Mmea wa Kumpelekea Madamu

Binti yangu alianza shule ya watoto wadogo hapa Bunia akiwa na miaka minne. Siku za kwanza alilia langoni, ameng'ang'ania kitenge changu. Baadaye akawa ananiaga bila kugeuka, na kila mchana alirudi na neno moja: madamu, mwalimu wake. Madamu ametupa jani tukalitafuna. Madamu ametufunga macho na kitambaa, tukanusa.

Mimi ndiye niliyemzaa, na bustani yangu nyuma ya jiko ni ya zamani kuliko yeye. Alikuwa akipita humo kila siku bila kuuliza kitu.

Siku moja nilikuwa nachuma majani ya maboga, akanishika mkono. "Mama, siye tunafungaka macho kwanza," akasema. "Halafu tunagusa polepole. Madamu anatuonyeshaka."

Nikamwambia baba yake ana njaa, nikaendelea kuchuma.

Kesho yake niliwahi kumchukua, nikachungulia uani mwa shule. Madamu wao, msichana ambaye bado hajazaa, alikuwa ameketi chini katikati ya watoto. Walikuwa wanacheza soko: majani membamba ndiyo samaki wa Tchomia kule ziwani, mapana ndiyo mboga. Wangu alikuwa amelala mapajani mwa madamu, amefumba macho, anajipapasa shavu kwa jani lenye vinyweleo, huku akicheka kicheko nilichodhani ni cha nyumbani kwetu tu. Madamu akanikaribisha nikae nao. Nikasema nina haraka, na sikuwa nayo.

Jumamosi nilimfunga macho kwa kitenge changu mwenyewe. Nikamnusisha mchaichai, kitunguu kibichi, jani la nyanya. Mwisho nikampeleka kwenye ule mmea unaojikunja ukiguswa, uliojiotea kando ya ukuta. Huo nilijua madamu hana. Nikamfungua macho. Aliugusa, majani yakalala, akacheka mpaka akakaa chini. Tukangoja yafunguke, akayalaza tena. Asubuhi nzima alikuwa wangu.

Kisha akanigeukia, vidole vimejaa udongo. "Mama, tuchimbe kamoja. Nimupelekee madamu."

Nilimpangusa vidole. Halafu nikachimba, nikaupanda ndani ya kopo la maziwa. Jumatatu alilibeba mwenyewe njia nzima, hakutaka nimsaidie.

Langoni madamu alichuchumaa, akamuuliza nani amempa.

"Mama," akasema.

Nikangoja wanitazame. Wote wawili walikuwa wameshainamia kopo, vidole vyao vikigusana juu ya majani.