Nilivyompeleka Mbudha Kimwani kwa Dada Yangu

Niliondoka Bilele kwa sababu ya dada yangu Kokusima, anayeishi Kimwani. Alimzika mwanawe wa pekee, na tangu matanga yaishe alikuwa hatii kitu mdomoni ila maji. Majirani wakanipigia simu: njoo, la sivyo utakuja na jeneza. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini nina nyumba ya wageni na gari, na hakuna aliyenisaidia. Shida nazijua, na huwa nazimaliza.

Asubuhi nilipakia mikate, sukari na samaki. Nikampakia na Sunil, mgeni wangu kutoka Sri Lanka, fundi wa mashine za kukoboa kahawa. Ni Mbudha, na Kiswahili anakijua. Kule tungemkuta Mwinjilisti Yusto, Mlutheri mwenzetu. Niliona dawa mbili zitamponya dada upesi kuliko moja.

Kufika Kemondo nikamwuliza Sunil dini yake inasemaje juu ya mateso.

"Yanatokana na kung'ang'ania," akasema. "Ukiachilia, yanazimika. Lakini njia unaitembea mwenyewe."

Nikamwambia basi mimi ni Mbudha tangu zamani, sikujua tu.

Mchana, Kimwani. Dada alikuwa amekaa juu ya nyasi zilizotandikwa sebuleni, mifupa ya shingo inahesabika. Mwinjilisti alimwambia Yesu aliteseka msalabani, kwa hiyo yuko naye kwenye maumivu, na siku ya ufufuo atamwona mwanawe. Mtu hajiokoi, huokolewa. Sunil naye akasema polepole kwamba kila kilichozaliwa kitaondoka, na anayelikubali hilo hupata amani. Kichwa changu kikavurugika. Mmoja anasema shika, mwingine anasema achia, na kila aliyesema nilimwona ana haki.

Nikaingilia. "Dada, jiokoe. Mimi nilijitoa mwenyewe kwenye shida."

Akaniinulia macho. "Wewe, Rwiza? Mama alipokufa ulikuwa unatembea? Mgongo uliokubeba ulikuwa wa nani?"

Mwinjilisti akakohoa. Nikageukia mizigo, nikaanza kupanga mikate na samaki.

Sasa, mgeni ni mgeni hata msibani. Dada akajikongoja akaleta kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, zile kavu zenye maganda tunazomkaribishia kila anayeingia. Sunil, fundi wa kahawa mzima, hakuwa amewahi kuzila. Akajitupia konzi nzima mdomoni, akazisaga kama karanga. Uso ukajikunja, machozi yakamtoka.

"Tema," nikamwambia. Akatikisa kichwa, hakutaka kumwaibisha mwenyeji.

"Achilia basi, baba," dada akasema. "Si umetwambia tuachilie?"

Akacheka, kicheko kikavu cha kukwaruza. Kisha akatia punje moja mdomoni mwake kumwonyesha: unaivunja kwa jino, unainyonya taratibu. Akaimeza. Kahawa kwenye tumbo tupu hukwangua mpaka njaa iamke. Akajishika tumbo, akanigeukia.

"Hao samaki umewaleta wa kutazama?"

Jioni tulipoagana alikuwa analia tena, sahani ya ndizi mkononi, huku anatafuna.

Njiani nikamwuliza Sunil ni nani aliyemponya, Yesu wa Yusto au njia yake.

"Sijui," akasema. "Mimi wakati ule nilikuwa nateseka."

Nilichojifunza bado hakijakaa sawa kichwani. Dada hajamwachilia mwanawe, ufufuo haujafika, na anakula. Yusto anasema ni neema. Ila wageni wakiniuliza nilipataje gari, nikianza kusema "mwenyewe", naona mgongo wa dada.