Kioo cha Kabati la Bibi

Shangazi yangu ni dereva, na gari lake huliongelesha kama mume mkorofi: asubuhi kwa kubembeleza, jioni kwa matusi. Kioo cha pembeni kilivunjika siku Bibi alipomwelekeza kurudi nyuma getini.

"Rudi, mwanangu, rudi! Nafasi tele!"

Nafasi yenyewe ilikuwa nguzo. Bibi akashikilia kwamba nguzo ndiyo iliyosogea. Mimi, niliyekuwa nimekuja likizo, nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Shangazi hakucheka. Alikuwa amepata kazi ya kubeba watoto wa shule, na mwalimu mkuu hakutaka gari lenye pengo. Kazi hiyo ikimponyoka, angeendesha lori la masafa marefu, wiki nenda wiki rudi, na mama yake abaki peke yake.

Tukahangaika. Dukani, Shangazi alisikia bei ya kioo kipya akakirudisha mezani taratibu, kama anayemrudisha mtoto wa wenyewe. Kwa wauza spea za mtumba tulipata cha gari jingine, kikubwa kama sikio la tembo. Tukajaribu gundi, na kila kipande kikatuonyesha wingu lake. Mwishowe fundi vioo akaligeuzageuza mkononi ganda la kile kilichovunjika.

"Ganda zima hili. Leteni kioo chochote cha nyumbani nikate. Mtanilipa ufundi tu."

"Chukueni changu," Bibi akasema tulipomweleza.

Kioo cha kabati la Bibi! Nani kati yetu aliwahi kukigusa? Mbele yake alijipaka wanja kila asubuhi, na mwanga wa dirisha uliogelea humo mpaka nikaona chumba kingine nyuma ya chumba, chenye Bibi mwingine, kijana. Utotoni niliamini kwamba mlango wa kabati ukifungwa, yule kijana hubaki humo akiimba. Mpaka leo sina hakika kwamba nilikosea.

"Sasa utajitazama wapi, Mama?"

"Uzee huu nimtazamie nani? Chukua, kabla sijabadili nia."

Fundi akakata. Ukingoni ilibaki alama ndogo ya wanja, na Shangazi akamkataza kuifuta. Ijumaa mwalimu mkuu akalizunguka gari, akaridhika.

Jumatatu tuliondoka kwenye ukungu. Bibi alitusindikiza hadi getini, nasi tukakata kulia, polepole, barabara yote nyeupe.

"Ajabu," Shangazi akasema. "Kile cha zamani kilikuwa kinasukuma vitu mbali. Hiki kimeniletea nyumba hapa hapa. Hata Mama namwona..."

Akakanyaga breki. Nikageuka.

Bibi alikuwa amesimama palepale, anapunga mkono kwa furaha, anatuombea safari njema kwa sauti. Alikuwa anapunga upande wa kushoto. Kule lilikuwa likienda gari la mikate, likinguruma.

Nilifungua mdomo nicheke, kicheko kikagoma. Ile nguzo ikanirudia. Nikakumbuka na jinsi alivyokitoa kioo, bila hata kukitupia jicho. Niliumia sana.

Shangazi akatia gia ya nyuma, macho kwenye kioo cha mama yake, na nyumba ikaanza kutujia kutoka kwenye ukungu, kwanza paa, kisha geti, kisha Bibi. Mkono wa Bibi ukaganda hewani. Akaugeukia mlio.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Mama," Shangazi akasema, akishuka. "Nimesahau kukuaga."