Jogoo wa Bibi Hakuwa wa Kuchinjwa

Jumapili iliyopita nilikwenda Buhongwa kumsalimia kaka yangu, nikiwa na binti yangu wa miaka mitatu. Hatujamaliza hata kuvua viatu mlangoni, jogoo akatoka nyuma ya tenki la maji, akashusha bawa moja, akamzunguka mtoto, kisha akamrukia mgongoni. Nilimpiga teke la nguvu zangu zote. Kaka alikuwa kibarazani, anacheka. "Asikimbie tu," akasema. "Akikimbia ndiyo anamfuata. Watazoeana." Nilimbeba mwanangu nikarudi nyumbani bila kunywa hata maji, na naandika haya nikiwa bado nimekasirika. Jogoo simlaumu. Nimeyakasirikia hayo maneno, maana nayajua yalikotoka, na kaka naye anajua.

Yalitoka Pasiansi, kwa bibi yetu mzaa baba, tulikokuwa tunaishi watatu: kaka, mimi, na mdogo wetu wa kike. Kama ulikulia kando ya ziwa utaikumbuka harufu ya asubuhi zile: dagaa mbichi, moshi wa kuni, na chai ya rangi iliyochemka mpaka ikakosa adabu. Tulikula michembe iliyopikwa na karanga, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, halafu kila mtu akaenda kwenye kazi yake. Ndege za abiria zilikuwa zikipita chini chini juu ya bati zikielekea uwanjani, na bibi aliacha kuongea mpaka zipite, kisha akaendelea palepale alipoishia. Nilimpenda sana. Naliandika hili mapema ili usije ukadhani sikumpenda.

Kazi ya watoto wa kike ilikuwa kulinda dagaa. Bibi alitandaza nyavu kuukuu juu ya mwamba mpana nyuma ya nyumba, akaanika dagaa hapo, na mimi wa miaka tisa na mdogo wangu wa minne tukakaa kando na fimbo kufukuza ndege na kuku. Kuku wote tuliwafukuza, isipokuwa mmoja. Jogoo mwekundu wa bibi alikuwa haguswi. Yeye alipanda mwambani, akala dagaa taratibu kama mwenye nyumba, na ukimwinulia fimbo alikurukia wewe na fimbo yako.

Alikuwa haguswi kwa sababu ya kenge. Miamba ile ilikuwa na kenge wengi, walipanda kutoka ziwani wakala mayai na vifaranga mpaka watu wakachoka kufuga. Siku moja huyo jogoo alipigana na kenge mbele ya majirani wote, akamrudisha majini. Tangu hapo bibi alimfuga kwa sifa. Alimchanganyia pilipili kwenye pumba ili ukali usipungue. Wageni wakija aliwasimulia habari za jogoo kabla ya kuwauliza za kwao, na alisema mbele ya kila mtu kwamba yule si wa kuchinjwa, atakufa kwa uzee wake.

Sasa jogoo aliyefundishwa kupigana hajui tofauti ya kenge na mtoto mfupi. Sisi ndio tuliopewa masharti. Usikimbie. Usimtazame machoni. Usivae nguo nyekundu. Usishike chakula mkononi. Usipite karibu na majike wake. Masharti yote hayo alipewa mtoto wa miaka minne, na jogoo hakupewa hata moja. Mdogo wangu akaogopa kwenda chooni, maana njia ya choo ilipita mbele ya banda la kuku, akawa anajikojolea mchana kweupe. Nyumba nzima ikamcheka na kumwita kikojozi. Kaka ndiye aliyelianzisha hilo jina.

Kulikuwa na jirani, mama mmoja mjane aliyekuwa akishona mashuka na kufuga kuku wengi kuliko sisi. Alimwona mdogo wangu amesimama nyuma ya mlango na gauni limelowa, akamwendea bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Sikai, nimekuja na neno moja. Huyu jogoo wako msimpige, ukimpiga anajua ni vita. Lakini muache kumpa pilipili. Mkamate kila asubuhi, umbane kwapani mpaka atulie, ukae naye mbele ya watoto wamwone amenyamaza. Ule mwiba wa nyuma ya mguu usugue kwa tupa, uwe butu. Na huyu mdogo asibaki naye peke yake hata dakika moja. Ukiona bado, nipe mimi, nikupe jogoo wangu mpole."

Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Mpole atanifukuzia kenge? Waache, watazoeana. Watoto wenyewe ndio wachokozi." Jirani akanitazama mimi, akaondoka. Nilikuwa nimeelewa kila neno alilosema, na nilitamani awe bibi yangu yeye kwa siku moja tu.

Siku yenyewe bibi alinituma ziwani kuchota maji. Nilimwambia bibi kwamba mdogo wangu atabaki peke yake pale mwambani. Akasema nenda, maji hayajichoti. Nilienda mbio, na narudi nikasikia kilio cha aina ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Alikuwa amechuchumaa anachambua dagaa, uso wake uko sawasawa na kimo cha jogoo. Mwiba wa mguu ulikuwa umeingia jicho la kushoto.

Bibi hakumpeleka hospitali. Alimwita mama mmoja mwenye mtoto mchanga, naye akamkamulia mdogo wangu maziwa yake jichoni, kama walivyozoea kufanya kwa jicho lolote lenye shida, liwe limeingia vumbi, liwe linauma. Asubuhi tena, jioni tena. Mimi nilichapwa. Aliniuliza fimbo nilikuwa nimeiweka wapi, na nilikuwa nimeshika ndoo yake. Siku ya tatu uso ulipovimba, jirani aliingia bila hodi, akambeba mtoto mgongoni, akampeleka mwenyewe. Daktari alisema jicho lisingepofuka kama angeletwa siku ileile.

Ungedhani jogoo alichinjwa siku hiyo. Nilisubiri. Kila asubuhi nilichungulia bandani, na kila asubuhi alikuwepo, anawika. Bibi alilia kwa ajili ya mjukuu wake, nilimwona, kisha akatoka na bakuli la pumba lenye pilipili.

Baada ya wiki tatu walikuja wageni kutoka Usagara kumposa shangazi yetu, aliyekuwa akiishi nasi. Wanaume watano na mama mmoja. Na ndipo bibi alipomkamata yule jogoo mwenyewe, akampa kaka amshike miguu, akachinjwa. Kumbe alikuwa anachinjika. Kumbe siku zote ilikuwa ni kutaka tu. Mdogo wangu aliambiwa awanawishe wageni, akapita na jagi na beseni, bandeji usoni. Mzee wao, firigisi ikiwa mbele yake, akauliza, "Huyu mtoto ameumia nini?"

"Michezo ya watoto," bibi akasema. "Karibuni chakula."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani ya ugali. Niliingia nikaitua mbele yao. Mtoto wa miaka tisa hakatizi mazungumzo ya posa, hivyo ndivyo tulivyolelewa, na nina hasira na hilo pia.

Leo ukienda pale hutapajua. Mwamba umepasuliwa kokoto, nyumba imeuzwa, kuna ukuta mrefu na geti jeusi. Kenge siku hizi mtu akimwona anapiga picha. Jirani alihama, sikuwahi kumshukuru. Ndugu zangu wakikutana husema watoto wa zamani tulikuwa wagumu, tulilelewa na kuku na mbuzi na hatukudekezwa. Hatukuwa wagumu. Hakuna aliyetuuliza, basi. Mdogo wangu ni mtu mzima sasa, ana watoto wake, na akimimina chai hugusisha kwanza mdomo wa birika kwenye kikombe ili asimwage. Akipigiwa simu na kaka anacheka naye vizuri tu. Hajawahi kumlaumu mtu.

Bibi alifariki mimi nikiwa na miaka ishirini na mbili. Siku tunamzika, mdogo wangu alilia kuliko sisi wote, akashikwa na watu wawili. Jicho lile halioni, lakini machozi linatoa. Nilisimama kando ya kaburi nikilitazama likimlilia bibi, na hasira niliyokuja nayo sikuona pa kuiweka.