Ukungu Nyumbani kwa Papa Kabange

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya makazi hapa Kamina, mkuu wa ofisi alinipa msumari mrefu. "Ukifika mu nyumba ya bantu, usisikilize kelele," akasema. "Toboa ukuta. Ukuta haiko na ndugu."

Ilikuwa wakati wa Zaire. Kazi yetu ilikuwa kuandika konsta, yaani ripoti ya hali ya nyumba, pale mwenye nyumba na mpangaji waliposhindwa kuelewana. Mvua zikianza, ugomvi mwingi ulikuwa juu ya ukungu, yale madoa meusi yanayonuka kama gunia lililoloa. Unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi au unaoshuka kutoka kwenye bati ni wa mwenye nyumba. Unaoletwa na mvuke wa kupikia na madirisha yaliyofungwa ni wa mpangaji. Ndivyo tulivyofundishwa.

Mwaka wa tatu nilitumwa kwa Papa Kabange, fundi mstaafu wa treni. Alikuwa baba yangu wa ubatizo. Alitaka kumtoa mpangaji wake, Mama Bolumbu, mke wa sajini wa base, ile kambi ya jeshi, mgeni kutoka mkoa wa Equateur. Mumewe alikuwa amepelekwa mbali.

"Ona, mutoto wangu," Papa Kabange akaniambia. "Anapikia mbabula mu nyumba, madirisha anafunga. Njo ile inaleta ukungu."

Mama Bolumbu alikuwa amembeba binti yake mgongoni, mtoto anakohoa. "Nafunga juu ya baridi, mutoto iko mugonjwa," akasema. "Ukungu ilikuwa hapa mbele ya mi kuingia. Balipaka chokaa juu yake."

Msumari ulikuwa mfukoni. Sikuutoa. Niliiona mbabula, lile jiko la makaa, ikanitosha. Nikaandika: kosa la mpangaji.

Wiki iliyofuata mkuu akaisoma karatasi yangu. "Ulitoboa ukuta?"

"Hapana, chef."

"Basi ulienda kufanya nini kule? Rudia."

Nilirudi. Nyumba ilikuwa tupu; karatasi yangu ya kwanza ilikuwa imeshamtoa Mama Bolumbu. Nikautia msumari chini ya ukuta, tofali likamomonyoka kama unga mbichi, maji yakatiririka kwenye vidole vyangu. Chini ya matofali hapakuwa na saruji hata kidogo. Papa Kabange alisimama mlangoni.

"Weye, mutoto wangu, utaniandika mi?"

Niliandika. Hakunisalimia tena mpaka alipokufa, hata kanisani.

Mama Bolumbu nilimkuta kambini, familia mbili katika chumba kimoja. Binti alikuwa amelala kwenye mkeka, kifua kinakoroma. Nikampa karatasi mpya. Aliisoma polepole, kisha akaikunja.

"Aksanti, sitwayeni," akasema, yaani raia, kama tulivyoitana sote wakati ule. "Lakini ufunguo nisharudisha."

Baada ya hapo nilihamishiwa Bukama, halafu Malemba-Nkulu, chini ya wakuu watatu. Nilitoboa kila ukuta nilioonyeshwa. Sikujua binti yule aliishia wapi. Sikuthubutu kuuliza.

Sasa nimestaafu, nami nina nyumba ndogo ninayoipangisha. Mvua zilizopita mpangaji wangu, mwalimu, alikuja kuniambia kuna weusi nyuma ya kitanda. Kabla hajamaliza, nikasikia kinywa changu kikiuliza, "Madirisha unafunguaka?"

Lilikuwa neno la Papa Kabange. Nikaona aibu. Nikatafuta jembe, tukaanza kuchimba kando ya msingi kutafuta maji yanakoingilia, mimi na yeye, mpaka mgongo ukakataa.